Kidole cha Garama

Siku hiyo, katika maskani ya Transfoma pale Tiwi, walikuwepo Kombe, mkwezi wa minazi. Garama, mlinzi mstaafu wa hoteli, waliyemwita Waziri kwa sababu hakuna jambo lililomshinda kueleza. Hesbon wa bodaboda, waliyemwita Nairobi ijapokuwa kwao ni Kakamega na Nairobi aliipita tu ndani ya basi. Na Chiku muuza kahawa pamoja na mwanawe Mwanapili, wa miezi minane. Baadaye alifika Concepta, na huyo hakuna aliyemjua. Ilikuwa Jumanne, mwendo wa saa nne asubuhi. Benchi la hapo liliundwa kwa mbao za vitanda vya kuotea jua vilivyotupwa na hoteli moja ya Diani, kwa hivyo mtu akikaa hujikuta ameegemea nyuma kama mtalii, hata kama tangu jana hajatia kitu tumboni. Juu ya nguzo transfoma ilinguruma bila kupumzika, na watu wa pale walishazoea kuongea kwa sauti ya kuishinda. Chiku alikuwa ameweka birika juu ya jiko la makaa, vikombe vimefunikwa kwa kitambaa cheupe, kashata za nazi kwenye sinia, na pembeni ya sinia kikaratasi cha njugu. Njugu hizo hazikuwa za kuuza. Zilikuwa za Kombe, kwa kuwa kahawa chungu haishuki bila kitu cha kutafuna, na kashata alikatazwa tangu alipopatikana na sukari.

Chiku hakuwa mtu wa kusahau wema. Alipojifungua Mwanapili, kila asubuhi kwa siku arubaini alikuta dafu mlangoni, limeshachongwa juu, na aliyeliweka ameshaondoka. Hakuuliza. Alizijua nyayo pana zilizobaki mchangani, maana Kombe hakuwahi kuvaa viatu. Mkwezi, Kombe alipenda kusema, huona kwa nyayo.

Ndiyo maana Chiku alifurahi kuliko wote mradi ulipofika zahanati, miezi sita nyuma. Wakati huo Kombe alikuwa akimeza dawa kama mtu anayeonja mchuzi: leo kidogo, kesho hapana. Siku ya kliniki ilipofika alikuwa na pesa ya nauli au pesa ya unga, si zote mbili, na unga ndio ulioshinda kila mara. Mradi ukaja na neno ambalo maskani nzima ililicheka wiki mbili. Mgonjwa wa sukari asiye na uwezo, akifika kliniki siku yake na kijitabu chake, atatumiwa shilingi mia tatu kwenye simu, za nauli na mboga. Akipimwa sukari ikawa chini ya kiwango, ataongezwa mia tano. Akikaa chini ya kiwango miezi mitatu mfululizo, elfu mbili.

Walicheka, lakini Kombe alikwenda. Akameza dawa zake kila siku. Akala mchicha, akapunguza sima. Kila mwezi sukari ilishuka ngazi moja, mpaka mwezi wa nne ikaingia chini ya kiwango, na siku hiyo alirudi maskani akitembea kama kijana anayekwenda kuposa. Chiku alimshukuru Mungu, kisha akawashukuru wale watu wa mradi ambao hakuwajua hata kwa sura.

Mwezi wa tano ndipo mambo yalipopinda, na yalipinda kwa wema.

Watu wa maskani ile walikuwa na desturi yao ya kushikiana nafasi. Bomba la maji likifunguliwa, anayewahi foleni huipanga mitungi ya wote. Chifu akiita baraza, akienda mmoja wameenda watatu. Kombe aliwahi kuitikia "nipo" kwa niaba ya Hesbon katika mkutano wa waendesha pikipiki, ilhali pikipiki hajawahi kuishika hata usukani. Kwa hivyo siku ya kliniki ilipogongana na kazi ya kuangua nazi katika shamba kubwa kule Diani, Garama alichukua kijitabu cha Kombe bila hata kuombwa, akaenda kumshikia foleni tangu alfajiri. Nia yake ilikuwa kushika nafasi tu, mwenyewe aje. Mwenyewe hakuja, nazi zilikuwa nyingi. Nesi alikuwa mgeni, akaita jina la Kombe, na Garama, ambaye akiona damu ya kuku tu hutafuta pa kukaa, akafumba macho akanyoosha kidole.

Sukari ikawa tano nukta nane. Pesa ikaingia. Kombe alipojua alicheka mpaka akashika mbavu, akamnunulia Garama kahawa siku nne. Hakuna aliyeona kosa. Foleni ni foleni.

Na leo Garama alikuwa amekwenda tena, kwa kuwa Kombe aliamka miguu mizito. Alikuwa ameketi pale kwenye benchi, kipande cha pamba bado kimebanwa kati ya kidole na gumba, akisimulia mara ya pili jinsi alivyokaribia kuzimia, wakati simu ya Kombe ilipolia. Kombe aliitazama, akaisogeza mbali, akaileta karibu, kisha akampa Hesbon amsomee. Macho yake siku hizi yalikuwa na ukungu.

— Hongera Kombe, Hesbon alisoma. Umekaa chini ya kiwango miezi mitatu. Mzee, hapa kuna doo. Ya leo, na ile elfu mbili juu.

Kombe aliirudisha simu mfukoni. Alipitisha kiganja usoni.

— Nitanunua viatu, alisema. Vya kufunika vidole. Daktari aliniambia tangu siku ya kwanza.

— Na hujasikia bado, Garama alisema, akatoa mfukoni pakiti ya dawa, akampa. Daktari amesoma kijitabu chako tu, maneno yake nimeletewa na nesi: amefurahi na wewe. Amesema tano nukta nne ni sukari ya mtoto wa shule. Kuanzia leo kidonge cha asubuhi umekiacha. Umebaki na cha jioni peke yake.

Hesbon alipiga mbinja. Garama akaagiza kahawa ya wote, akachukua kashata mbili kwenye sinia, akaziweka mkononi mwa Kombe kwa heshima kama anayemvika mtu nishani. Chiku alisema kwa sauti ndogo kwamba njugu za ami Kombe zipo. Garama akamjibu kwamba njugu ni za mgonjwa, na mgonjwa hayuko hapa. Kombe akazila zote mbili.

Chiku alimtazama akila. Kisha akamtazama akiinuka kuteka maji katika ndoo yake, kikombe cha tano tangu akae pale. Mara mbili alikuwa ameshakwenda nyuma ya kibanda. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Chiku alihisi kuna kitu hakikai sawa, kama mtu anayeona nguo imeshonwa vizuri lakini haimkai mwenyewe, na hakujua aseme nini. Yeye aliishia darasa la nane, na hao wazee ndio waliomfunza hata jinsi ya kuchoma buni.

Ni Kombe mwenyewe aliyelileta swali.

— Waziri, nieleze. Sukari imeshuka, nimefurahi. Lakini mbona na mimi nimeshuka? Jana nimekwea mnazi wa kwa Mwarabu, nikafika nusu, nikawa siusikii mti. Nimeshuka kama gunia.

Hapo baraza likafunguka. Garama aliweka kikombe chini, akaegemea nyuma.

— Hilo ni jepesi. Umekaa na sukari miaka minane. Imekuwa ndugu. Leo umeifukuza, mwili unaona upweke. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Asili yako wewe ni sukari.

— Kwa hivyo nirudi?

— Usirudi. Omboleza tu kidogo, mwili utazoea.

Hesbon hakukubaliana. Yeye, kwa kuwa hubeba abiria wa zahanati kila Jumanne, alikuwa ameona mengi. Alisema kila Jumanne watu hamsini hutobolewa vidole, kila mmoja tone moja, na tone lile huingia katika kile kikaratasi, na kikaratasi huingia katika mashine. Je, kuna aliyewahi kuona kikaratasi kikitupwa?

— Hukitupa ndani ya kisanduku cha njano, Garama alisema.

— Sawa. Na kisanduku kinaenda wapi?

Garama aliinua kikombe chake.

— Kiwandani, Hesbon alisema. Hiyo ni sukari, mzee. Wanaikamua. Hakuna mtu duniani analipa doo mwenzake awe na afya. Mkulima wa miwa si hulipwa? Basi Kombe, wewe ndio muwa.

Kombe alicheka akakohoa. Garama alilifikiria neno hilo kwa uzito, akalikubali nusu. Alisema ingekuwa kukamuliwa, pesa ingekuwa kidogo zaidi, kwa sababu anavijua viwanda. Yeye alikuwa na rai nyingine, na hii hakuiokota njiani, aliiwaza usiku. Sukari haitoki mwilini. Hufukuzwa tu kwenye damu, kwa kuwa damu ndiyo inayopimwa, ikaenda kujificha pasipopimwa. Na pasipopimwa ni wapi? Ni miguuni.

— Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, alisema, akanyoosha kidole chenye pamba kuelekea miguu ya Kombe. Ngama ni chini kabisa ya jahazi, na ngama ya mwili ni nyayo. Sukari yako yote imekaa humo, inangoja tu daktari aende likizo.

— Ndiyo maana ni mizito, Kombe alisema polepole, kama mtu aliyepata jibu.

— Ni uzito wa sukari. Sasa dawa yake ni kukwea. Kwea minazi mingi, iyeyuke.

Chiku alikuwa akimmiminia Hesbon kahawa, akagundua kwamba hamsikii Mwanapili. Kila mama anajua: mtoto anayelia yuko salama, aliyenyamaza ndiye wa kutafutwa. Alikuwa amemwacha juu ya leso chini ya benchi. Alipoinama alimkuta ameketi mbele ya mguu wa kulia wa Kombe, ameushika kwa mikono miwili, akivuta kitu kwa bidii, ulimi umetoka nje.

Kilikuwa kipande cha chelewa, ule uti mgumu wa jani la mnazi unaofungwa ufagio. Kilikuwa kimeingia chini ya kidole kidogo. Mtoto alikivuta, kikatoka urefu wa pingili mbili za kidole, na nyuma yake ikafuata maji ya rangi ya chai na harufu ambayo Chiku aliijua kwa nyama iliyosahauliwa.

Juu, Kombe alikuwa akiendelea kumweleza Hesbon bei ya viatu.

Chiku alimnyanyua mwanawe, akamfuta mikono kwa ukingo wa nguo yake mara mbili, mara tatu.

— Ami Kombe, alisema. Mguu wako hauumi?

— Mguu upi?

Akamwonyesha ile chelewa.

Kombe aliitazama, akainua mguu, akaupindua kwenye goti. Alibonyeza kwa kidole pale palipokuwa na shimo. Akabonyeza tena, kwa nguvu. Kisha akawatazama wote mmoja mmoja, na Chiku hakupata kuusahau uso ule. Ulikuwa uso wa mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta mlango haumtambui.

— Sisikii, alisema.

Watu wakiogopa huongea zaidi. Hesbon alisema huenda ni ganzi ya kukaa. Garama alisema ndiyo ile ile sukari, imekaa tabaka mbili, imekuwa kama kizibo. Hesbon akasema kama ni hivyo basi huenda mguu ndio uliopona na mwili ndio mgonjwa. Garama akasema pia hiyo ya mradi ni pesa ya mtu ambaye Kombe hamjui, na pesa ya mtu usiyemjua inaweza kuja na mtu wake. Kuna jini aliyewahi kumfuata jirani yake kule Kaloleni kwa sababu ya cherehani ya msaada. Kila mmoja alisema haraka kabla mwenzake hajamaliza, na hakuna aliyemtazama Kombe mguuni. Chiku alichukua maji ya vuguvugu, akapiga magoti, akaanza kumwosha. Kombe alimkataza, akasema si kazi ya mke wa watu. Chiku akaendelea.

Ndipo akatokea mwanamke mmoja mnene wa umri wa kati, sare ya dobi wa hoteli ndani ya sweta, kijitabu cha kijani mkononi. Kilikuwa kijitabu kama cha Kombe. Alisimama mbali kidogo akasema hodi, na Chiku, akiwa bado chini na mguu wa Kombe mapajani, akamwamkia shikamoo. Mwanamke alikawia kidogo kama watu wa bara wasiozoea, kisha akasema marahaba mwanangu. Alisema anaitwa Concepta, kwao ni Mwingi, amehamishiwa kazi Diani mwezi huu, na kliniki yake ya sukari imehamishiwa zahanati ya hapa. Alikuwa akiuliza njia.

Garama angeweza kumwonyesha kwa mkono, kwani paa lilionekana. Lakini mgeni ni mgeni, na Garama ni Garama. Alimkaribisha benchini, akaamuru apewe kahawa. Concepta alipoletewa sinia alitikisa kichwa, na Chiku akampa njugu za Kombe. Kisha Garama akamweleza yote, tangu mwanzo, kwa fahari ya mwenyeji anayeonyesha mji. Mradi. Ngazi za sukari. Foleni ya alfajiri. Nesi mgeni. Alimwonyesha na kidole, akasema kidole kimoja hakivunji chawa, ndiyo maana hapa Tiwi mgonjwa mmoja ana vidole ishirini. Akamweleza daktari alivyofurahi, kidonge kilivyopunguzwa, na jinsi ambavyo sasa, jambo la ajabu, sukari imeshuka vizuri na mwenyewe anazidi kuchoka, na baraza limekaa asubuhi nzima likitafuta sababu.

Concepta alisikiliza bila kukatiza. Alikula njugu moja moja. Alimtazama Kombe, akautazama mguu mapajani mwa Chiku, akamtazama Garama.

— Samahani, mimi ni mgeni, alisema. Nimeelewa yote, kimenishinda kitu kimoja tu. Hiyo sukari iliyoshuka ni ya nani?



Garama alifungua kinywa. Chiku aliona methali ikija mpaka midomoni, ikarudi. Hesbon aliinamia usukani wa pikipiki yake akaanza kukwangua matope ambayo hayakuwepo. Mngurumo wa transfoma ulijaza maskani. Kombe peke yake ndiye aliyekuwa akimtazama mgeni, na uso wake ulikuwa mtulivu, kama wa mtu aliyekwishajua tangu jana katikati ya mnazi na alikuwa akingoja tu mwingine aseme.

Garama alikitazama kidole chake muda mrefu. Alikiondoa pamba. Kisha akanyoosha mkono kwa Kombe.

— Nipe hizo dawa.

— Za nini?

— Nipe. Ni dawa zangu. Mimi ndiye niliyepimwa nikaonekana mzima.

Kombe hakuzitoa. Akaibana pakiti kifuani, na hapo ndipo Chiku alipoelewa kwamba kinachomtisha zaidi si mguu.

— Watanifuta, Waziri, alisema. Twende tuwaambie nini? Kwamba tumekula pesa zao? Nikifutwa, narudi kule kule. Wewe unajua nilivyokuwa. Nilikuwa mtu wa kuchagua, leo niende kliniki au leo nile. Wale watu hawanijui, si ndugu zangu, si wa dini yangu, hawakuniomba hata nazi moja. Kila mwezi mtu huko aliko ananikumbuka kwa jina. Unajua maana yake hiyo? Sasa niende niwaambie kwamba shukrani yangu ilikuwa hii.

Garama aliinama akitazama mchanga.

— Kidole ni changu, alisema. Maneno nitayasema mimi. Wakitaka kumfunga mtu, nimekaa getini miaka ishirini na sita, kukaa nyuma ya mlango si kitu kigeni kwangu. Lakini nimekushikia nafasi mpaka nimekushikia na ugonjwa, Kombe. Wao walikuwa wanakutibu, na mimi ndiye niliyesimama mbele yako wasikuone.

Hakuna aliyewahi kumsikia Garama akisema maneno mengi namna hiyo bila methali hata moja.

Concepta alimaliza kahawa yake, akainuka, akakung'uta maganda ya njugu.

— Kule kwetu kuna aliyechelewa kusema, alisema, na hakufafanua zaidi. Mimi nimepewa nambari kwa simu, ni ya nne kuingia. Utaingia kwa nambari yangu, baba, mimi nitangoja mwisho. Ila kidole utatoa chako.

Hapo Kombe alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo chenye machozi, lakini kilitosha kumwinua. Chiku alirarua leso ya Mwanapili katikati, ile iliyokuwa safi kabatini mwa kibanda, akaufunga mguu. Hesbon alikwishawasha pikipiki. Walimkalisha Kombe katikati, Garama nyuma akimkumbatia kiunoni ili mguu usiguse chuma, na pikipiki ikaondoka taratibu kama inayobeba mayai. Hesbon alirudi baadaye kumchukua Concepta, na Concepta alipotaka kulipa akaambiwa petroli ya leo imeshalipwa. Haikuwa imelipwa, Chiku alijua.

Akabaki peke yake na mtoto na birika. Wateja wawili walikuja, akawauzia, hakumbuki walikuwa kina nani. Alikuwa akisali kwa maneno yasiyo na mpango. Aliomba mguu. Kisha akaona haya kuomba kimoja tu, akaomba na jina libaki katika orodha.

Hesbon alirudi saa saba. Hakushuka kwenye pikipiki, alieleza akiwa juu yake. Garama aliingia kwa daktari mbele, kofia mkononi, akasema yote, mwezi wa tano na leo. Daktari alikasirika kwa muda wa kupima mtu mmoja. Kisha akampima Kombe, kidole chake mwenyewe, na mashine ikaandika ishirini na sita, akasema kidonda kilichooza hupandisha sukari hata kwa anayemeza dawa. Baada ya hapo hakuna aliyekuwa na nafasi ya hasira. Nesi yule mgeni alilia kidogo, akasema alipaswa kuuliza kitambulisho. Garama akambembeleza, akamwambia hata yeye mwenyewe siku zile mbili alijihisi ni Kombe. Gari la wagonjwa liliitwa kumpeleka hospitali, na Garama akaingia ndani yake, akaandikwa kama ndugu.

— Na jina? Chiku aliuliza. Wamemfuta?

Hesbon alisema daktari alimpigia simu mama wa mradi, mbele yao, kwa sauti ya kusikika na wote. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza kama mgonjwa ameshaanza kupewa dawa. Akasema pesa ya miezi miwili itarudishwa taratibu, na miezi miwili itafutwa kwenye kijitabu, ila mtu hafutwi. Akasema na nauli ya mwezi ujao itatumwa kama kawaida, kwa sababu mwezi ujao Kombe atahitaji kliniki kuliko mwezi wowote.

Chiku alimwomba arudie maneno hayo. Hesbon akayarudia. Chiku akamkalisha Mwanapili mapajani, akamfunika kwa nusu ya leso iliyobaki, akalia bila kuficha, na Hesbon akatazama upande wa barabara mpaka alipomaliza.

Kombe alilazwa siku kumi na moja. Alirudi Tiwi na miguu yote miwili na vidole tisa.